Sonona gani?

Mdogo wangu alirudi kutoka kituo cha afya na kibahasha cha karatasi, juu yake pameandikwa kwa kalamu: amitriptilini 25, kimoja usiku. Alikuwa na miaka 23. Wiki saba zilikuwa zimepita haendi dukani, haogi mpaka asukumwe, analala muda wa saa 14 na kuamka kachoka kuliko alivyolala. Mama alikipokea kile kibahasha kwa mikono miwili. Hatimaye tatizo lilikuwa na jina, sonona, na jina lilikuwa na dawa. Tulikuwa tumefanya kila tulichofundishwa redioni: hatukumwita mvivu, hatukumpeleka kupungwa, tulimpeleka hospitali.

Baada ya majuma mawili vidonge viliongezwa vikawa vitatu. Wiki ya tano akaamka. Aliamka kabla ya adhana, akafagia uwanja, akacheka na watoto, na nyumba nzima tukamshukuru Mungu. Siku ya nne alikuwa analala labda muda wa saa mbili tu kwa usiku mzima. Siku ya saba alikuwa amechukua Kariakoo mzigo wa viatu kwa mkopo, mzigo usioweza hata kuenea dukani kwake, na anawapigia watu simu saa nane usiku kuwaeleza mpango wa kufungua maduka Lubumbashi na Muscat. Wiki iliyofuata majirani walisema ni jini. Sisi wenyewe hatukuwa na neno jingine.

Daktari bingwa aliyempokea baadaye hakuanza na yeye, alianza na mama. "Mama, huko nyuma, kabla ya ugonjwa huu, kijana amewahi kupata siku ambazo halali na wala hachoki, anaongea haraka, fedha inamtoka hovyo?" Mama akafikiri, akasema ndiyo, mwaka aliomaliza kidato cha nne, kama wiki mbili hivi. Tulidhani ni furaha ya kumaliza shule. Swali hilo halikuchukua hata dakika moja. Hakuna aliyeliuliza siku ya kibahasha.

Nimekaa na jambo hili miaka kadhaa, na kila nikisikia tangazo la afya ya akili nalirudia. Kazi ya kuwaambia watu kwamba sonona ni ugonjwa imefanyika, nami nawaheshimu walioifanya, maana haikuwa kazi nyepesi. Shirika la Afya Duniani linakadiria zaidi ya watu milioni 300 duniani wanaishi na sonona, na katika nchi za kipato cha chini na cha kati zaidi ya robo tatu yao hawapati tiba yoyote. Lakini tangazo linaishia pale: ni ugonjwa, nenda hospitali. Mtu akifika hospitali, neno moja linampokea na dawa moja inamsindikiza.

Tuliwahi kupita njia hii. Kwa miaka mingi katika nchi zetu kila homa ilikuwa malaria. Mtoto akichemka anapewa klorokwini. Klorokwini iliposhindwa, akapewa dawa nyingine ya malaria, SP. Kisha ikaja dawa mseto. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likataka kila anayeshukiwa apimwe kwanza, na vile vipimo vya haraka vya tone la damu vilipofika zahanati tukaona wazi kwamba homa nyingi tulizokuwa tukizitibu hazikuwa malaria kabisa. Zilikuwa nimonia, zilikuwa maambukizi ya mkojo, zilikuwa virusi vya kupita tu. Wako watoto waliokuwa wakimeza dawa nzuri ya ugonjwa ambao hawakuwa nao.

Sonona leo iko pale ilipokuwa homa. Tofauti ni kwamba yenyewe haina kipimo cha tone la damu. Kipimo chake ni maswali, na maswali yanataka muda na mtu anayejua aulize nini.

Lugha yetu nayo inachangia. Sonona, unyogovu, mfadhaiko, msongo wa mawazo: katika habari na mabango maneno haya yanabadilishana nafasi kana kwamba ni mamoja. Msongo unaweza kuisha deni likilipwa. Sonona haingoji deni, inaweza kumkuta mtu siku aliyopandishwa cheo. Na mgonjwa mwenyewe hatumii hata neno moja kati ya hayo. Atasema kichwa kinawaka moto, moyo unaenda mbio, mwili hauna nguvu, mawazo yamezidi. Asipokutana na mtu wa kumsikiliza vizuri ataondoka na dawa ya kichwa.

Lipo dodoso la maswali tisa, lililochapishwa Marekani mwaka 2001, ambalo limetafsiriwa kwa Kiswahili na kufanyiwa uhakiki Kenya na Tanzania. Alama zake zinaanzia 0 hadi 27, na anayefika 10 anahitaji kuangaliwa kwa karibu. Ni chombo chema, kinamwezesha hata muhudumu asiye bingwa kuona kwamba mtu huyu anazama. Ila kinapima kina cha shimo tu, hakisemi ni shimo gani. Mdogo wangu angepata 20. Mama aliyejifungua mwezi uliopita anaweza kupata 20, na mjane wa wiki tatu, na mtu ambaye tezi yake ya shingoni imepunguza kazi. Wote wanne wana alama ileile, na ukiwapa tiba moja utakuwa umemkosea angalau mmoja, pengine watatu.

Katika baipola, ugonjwa wa hali ya moyo inayopanda kupita kiasi kwa vipindi na kushuka kwa vipindi, ambao ndio wa mdogo wangu, sonona ni nusu ya ugonjwa, na mara nyingi ndiyo nusu inayokaa muda mrefu na ndiyo inayomleta mtu hospitali. Nani anakwenda kwa daktari kulalamika kwamba ana nguvu nyingi? Dawa ya kuinua hali ya moyo ikitolewa peke yake inaweza kumrusha mgonjwa upande wa pili, kama tulivyoona kwetu. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa vituo visivyo na mabingwa unamtaka muhudumu aulize habari za vipindi vya kupanda kabla hajaandika chochote. Zipo dalili za kumshtua: ugonjwa kuanza mtu akiwa bado kijana mdogo, ndugu wa damu aliyewahi kuugua hivyo, sonona inayoingia ghafla na kutoka ghafla, usingizi mwingi badala ya kukosa usingizi. Na aulizwe mtu wa nyumbani, kwa sababu mgonjwa aliye chini hakumbuki kwamba aliwahi kuwa juu, au anakumbuka kama siku nzuri za maisha yake.

Tiba yake ni nyingine. Lithiamu, chumvi ambayo daktari John Cade wa Australia alionyesha mwaka 1949 kwamba inatuliza kipindi cha kupanda, hadi leo ni miongoni mwa dawa zinazoaminika zaidi, na ina sifa ya kupunguza vifo vya kujiua. Lakini ni dawa ya masharti. Pengo kati ya kiasi kinachotibu na kinachodhuru ni dogo, hivyo damu lazima ipimwe mara kwa mara, na kwa mtu aliye mbali na hospitali kubwa hilo pekee ni safari na nauli. Maji yakipungua mwilini dawa inapanda kwenye damu: kuharisha, joto la Pwani, saumu ya Ramadhani, yote haya yazungumzwe na daktari mapema, si katikati ya mfungo. Na kuna hili ambalo ningependa kila muuza duka la dawa alijue: diklofenaki na ibuprofeni, dawa tunazonunua kwa mgongo na magoti bila hata cheti, zinapandisha lithiamu mwilini. Pia ipo valproeti, dawa nzuri kwa baadhi ya watu, ambayo msichana au mwanamke anayeweza kushika mimba hapaswi kuanzishiwa kirahisi, maana humdhuru mtoto tumboni. Haya yote mtu hawezi kuyapata ndani ya neno moja, sonona.

Kosa hilohilo lina upande wake wa pili. Yupo jirani yangu mmoja, mwalimu mstaafu, aliyekuwa na sonona nzito ya ile tunayoifahamu zaidi, isiyo na vipindi vya kupanda. Alimeza amitriptilini miligramu 25 kila usiku kwa mwaka mzima, akawa analala vizuri na kuamka na huzuni ileile. Miligramu 25 ni dozi ya kuanzia. Inaleta usingizi usiku wa kwanza, ndiyo sababu watu wanaiamini, lakini kwa mtu mzima mwenye sonona nzito mwongozo unaipandisha polepole hadi miligramu 100 au 150, kwa wazee chini ya hapo, na nafuu hutazamiwa baada ya wiki nne hadi sita. Kisha dawa inaendelea, miezi 9 hadi 12 baada ya mtu kupona, ndipo ipunguzwe kidogokidogo. Kupandisha huko ni kazi ya anayemtibu, si ya mgonjwa kujiongezea. Mzee wetu aliambiwa dawa za akili hazimfai. Ukweli ni kwamba hakuwahi kupewa za kutosha.

Kwa akina mama waliojifungua ndiko ninakoumia zaidi, kwa kuwa huko majibu yako karibu mno na sisi.

Miaka ya 1970 daktari Mwingereza, John Cox, alifanya kazi Makerere, Kampala. Alikutana na neno la Waganda, amakiro: ugonjwa wa mama anayechanganyikiwa baada ya kujifungua, ambao wenyeji waliuhusisha na mama kutoka nje ya ndoa akiwa mjamzito, na walisema anaweza kutaka hata kumla mwanawe. Cox aliwachunguza akina mama wa Uganda, kisha akaendelea na kazi hiyohiyo Uskoti, na mwaka 1987 yeye na wenzake wakachapisha maswali kumi yanayojulikana kwa jina la Edinburgh, ambayo leo hutumiwa duniani kote kumtambua mama mwenye sonona. Hayaulizi uchovu wala hamu ya chakula, na hapo ndipo ubora wake, kwa sababu kila mwenye mtoto mchanga amechoka. Kwa hiyo anayesema maswali haya ni mambo ya Wazungu ajue yamepita Kampala kabla ya kufika Edinburgh.

Neno kama amakiro linabeba mzigo wa lawama, na wanawake waliolaumiwa badala ya kutibiwa ni wengi. Ila lilikuwa na jambo moja ambalo neno letu la kisasa halina: lilitenga ugonjwa wa mzazi na huzuni nyingine. Baada ya kujifungua kuna mambo matatu tofauti kabisa. Machozi ya siku chache za mwanzo huwapata zaidi ya nusu ya akina mama na huondoka yenyewe ndani ya wiki mbili. Hayo yanataka usingizi, uji, na mtu wa kumpokea mtoto. Sonona ya uzazi ni nyingine, inakaa, inamnyima mama raha ya mtoto wake na kumwambia kwamba yeye ni mama mbaya. Inatibika kwa mazungumzo, na inapobidi kwa dawa zinazokubaliana na kunyonyesha. Nchini Pakistan, utafiti uliochapishwa 2008 ulionyesha kwamba wahudumu wa afya wa vijijini, wasio madaktari, wakifundishwa namna ya kuzungumza na mama wakati wa ziara zao za kawaida, sonona ilipungua kwa zaidi ya nusu. Ya tatu ni wazimu wa uzazi, unaompata mmoja au wawili kati ya wazazi 1,000, mara nyingi ndani ya wiki mbili za mwanzo: halali, anasikia sauti, anasema maneno ya ajabu kuhusu mtoto. Huyo hasubiri kesho. Anapelekwa hospitali siku hiyohiyo, na mtoto anakaa na mtu mwingine mpaka mama atulie. Akipona, aulizwe tena lile swali la vipindi vya kupanda, kwani kwa wengine hiyo ndiyo hodi ya kwanza ya baipola.

Pwani tuna arobaini. Mama halali peke yake, bibi yupo, maji ya moto yapo, watu wanaingia na kutoka. Wa kumwangalia hawajawahi kukosekana. Kinachokosekana ni kuwaambia waangalie nini. Halafu kuna kliniki. Mtoto anachanjwa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Mara tatu mama anakaa kwenye benchi, mtoto anatundikwa kwenye mizani, kadi inajazwa, na mara nyingi hakuna anayemuuliza yeye lolote zaidi ya ananyonyesha au hanyonyeshi. Maswali kumi, mara tatu. Hayahitaji jengo jipya wala mashine. Na akijibu kwamba amechoka kupita kiasi, apimwe damu pia, maana aliyepoteza damu nyingi wakati wa kujifungua anaweza kuonekana mwenye sonona kumbe anahitaji madini ya chuma.

Hilo la mwili kuigiza sonona ni pana kuliko tunavyodhani. Tezi ya shingoni ikifanya kazi kidogo mtu anapunguza mwendo, ananenepa, anakosa raha. Waliotumia efavirenzi kwa ajili ya virusi vya UKIMWI wanazikumbuka ndoto za kutisha, na wengine waliangukia kwenye huzuni nzito. Sikloserini, inayotumika kutibu kifua kikuu sugu, inajulikana kwa kuvuruga akili na hisia. Pombe ya kila siku huzalisha sonona na kuificha kwa wakati mmoja, hasa kwa wanaume, ambao wengi wao hawalii bali wanafoka. Hapa kumpa mtu dawa ya sonona bila kugusa chanzo ni kama kukinga mvua kwa ndoo na paa lipo wazi.

Na kuna mtu ambaye hana ugonjwa kabisa. Mjane aliye ndani ya eda, siku ya ishirini, analia na hali chakula. Mwongozo niliokwisha kuutaja hauruhusu kukimbilia dawa kwa aliyefiwa ndani ya miezi sita, isipokuwa pakiwa na dalili nzito, kama vile kutaka kufa au kusikia sauti. Matanga, dua na watu wa kukaa naye ndiyo tiba yake kwa sasa.

Kinyume chake ni yule aliyezoea. Miaka miwili, mitano, kumi ya kuishi na kiza chepesi, anafanya kazi, anahudhuria harusi, ila hajui raha ni nini. Watu husema ndivyo alivyo, mtu wa kununa. Huyu hafiki hospitali kwa kuwa hakumbuki alivyokuwa kabla. Anapona polepole, mara nyingi kwa dawa na mazungumzo pamoja, na anayemtibu asikate tamaa mwezi wa pili.

Huenda msomaji ataniambia: tuna mabingwa wachache, unataka zahanati ifanye mambo ya hospitali kubwa kama Muhimbili na Mathari? Jibu lilipatikana Uganda zamani. Katika vijiji vya Masaka na Rakai, watafiti walianza kwa kuwauliza wanakijiji wenyewe wanauitaje ugonjwa huu. Walikuta wenyeji wana majina mawili, moja la kujichukia, jingine la kujihurumia. Wanakijiji walikuwa wanatenganisha kabla mtaalamu hajafika. Kisha mwaka 2002, katika utafiti wa vijiji 30, yakaundwa makundi, wanawake kwao na wanaume kwao, dakika 90 kila wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na watu wa huko waliopewa mafunzo mafupi. Kiongozi hakuwapa wote mahubiri mamoja. Alitafuta kwanza kilichomwangusha kila mmoja: msiba, ugomvi usiokwisha, au maisha yaliyogeuka, kama ndoa kuvunjika au kuugua. Mwisho wa wiki 16, waliobaki na sonona katika makundi walikuwa asilimia 6.5, katika vijiji ambavyo havikupata makundi walikuwa asilimia 54.7. Zimbabwe nako bibi wa mtaani wanakaa benchi moja na wagonjwa na kuwasikiliza, na mpango huo umevuka hadi Zanzibar.

Makundi haya hayamfai kila mtu, na hapo ndipo hoja yangu inaposimama. Mwenye sonona inayoambatana na sauti au imani zisizo za kweli, anayesadiki kwamba amekwisha kufa au kwamba amelaaniwa, anahitaji dawa mbili kwa pamoja, au tiba ya umeme akiwa amelazwa usingizi wa dawa, tiba inayoogopwa bure ilhali kwa ugonjwa huo ni miongoni mwa zenye nguvu kuliko zote. Kumpeleka huyo kwenye benchi la bibi ni kumchelewesha. Kumpeleka mama mwenye ugomvi na mawifi Muhimbili ni kumpotezea nauli. Hata mahali mtu alipo kuna uzito: ndugu zetu walio Sweden au Kanada, wanaozama kila Novemba na kuibuka Aprili, wanatibiwa pamoja na mengine kwa taa yenye mwanga mkali wa luksi 10,000 asubuhi, dakika 30, tiba ambayo mtu wa Tanga hana haja nayo.

Lipo swali moja linalowahusu wote bila kujali aina: je, umefikiria kujiua? Kuliuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Linampa pa kulitua. Lakini jibu la kweli linataka usalama. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilitangaza Januari 2025 kwamba sheria ya kumshitaki aliyejaribu kujiua inakwenda kinyume na Katiba. Kwetu Tanzania kifungu cha namna hiyo bado kimo katika Kanuni ya Adhabu, na sioni mgonjwa atamwaminije muhudumu kwa ukweli ambao ni kosa la jinai. Kifungu kile kifutwe.

Mdogo wangu sasa ana miaka 29. Deni la viatu tulilimaliza mwaka jana. Kila baada ya miezi mitatu anapanda basi kwenda kupima damu, na kwenye mlango wa jokofu kuna karatasi ambayo mama ameandika saa alizolala kila usiku, kwa kuwa usingizi ndio unaotangulia kubadilika. Wiki iliyopita mgongo ulimshika, akaenda duka la dawa pale kona. Dada wa dukani alikuwa ameshashika boksi la diklofenaki. Akamwambia, "Dada, hiyo mimi siwezi, natumia lithiamu." Yule dada akairudisha, akampa parasetamoli, kisha akachukua kalamu na kumwomba amtajie jina la hiyo dawa tena, polepole, aliandike.